Aliyejenga Ngazi za Majiweni

Jina lake ni Bernadeta Nkwabi. Nalitaja mapema kwa sababu miaka ile ungepanda Majiweni, ule mtaa ulioning'inia mlimani juu ya Mirongo mjini Mwanza, ukamuulizia Bernadeta, ungezungushwa mpaka jua lizame. Ungemuulizia Mama Chenge, hata mtoto anayejifunza kutembea angekuonyesha mlango.

Kazi yake ilikuwa kupasua miamba, na miaka ya tisini kazi hiyo ilinoga. Maduka yaliyokuwa matupu yalikuwa yamejaa, saruji ikawa inauzwa hadharani bila kibali cha mtu, na kila aliyepata vijisenti alitaka kujenga. Watu waliokuwa wakibanana kwenye vyumba vya kupanga wakaanza kupanda milimani kutafuta pa kuweka msingi. Shida ni kwamba milima ya Mwanza ina wenyeji wake wa siku nyingi, nao ni mawe, na jiwe moja laweza kuwa kubwa kuliko nyumba unayotaka kuijenga. Ukifika hapo ulikuwa unaambiwa, "Kamwite Mama Chenge."

Naye alikuja, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kilemba kichwani na nyundo mkononi. Alilizunguka jiwe taratibu, akaligonga hapa na pale huku ametega sikio. Kisha alipanga kuni chini yake, akawasha moto, akakaa kivulini kutafuna michembe ya viazi vitamu jiwe likiendelea kuiva. Likishaiva alilimwagia maji ya baridi, jiwe likalia mlio mmoja na kupasuka. Hapo Bernadeta alicheka. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu usichana, na bado kila jiwe lilipopasuka alicheka kwa sauti, mpaka majirani wakisikia kicheko walijua kiwanja kimepatikana.

Kazi alifundishwa na baba yake, mzee Nkwabi, aliyekuwa akichonga mawe ya misingi ya makanisa upande wa Magu. Mzee alijaliwa mabinti watupu. Alingoja mtoto wa kiume wa kumrithisha nyundo mpaka akachoka kungoja, akampa binti aliyekuwa amesimama karibu. Baadaye Bernadeta aliolewa na Ngosha, kijana mcheshi na mwenye mipango mingi, wakahamia Majiweni. Mipango ya Ngosha ilimpeleka Geita kwenye dhahabu. Alivuka Busisi kwa kivuko asubuhi moja akipunga mkono, na kivuko kile kimekuwa kikirudi kila siku tangu hapo bila yeye kuwemo. Bernadeta alilia kiasi cha kutosha, kisha akaendelea na mawe, maana mawe angalau hayahami.

Miamba ya watu ilimpa ugali. Sifa aliipata kwenye ngazi.

Zamani, miaka ya sabini ikielekea kuisha, Majiweni hapakuwa na njia ya maana. Watu walipanda kwa kushika mizizi na kushuka kwa kukalia makalio, na mvua ikinyesha kila mtu alibaki alipo. Siku moja ya masika, Getruda, jirani yake na shoga yake wa chanda na pete, alishikwa na uchungu. Wanaume wakamlaza kwenye kitanda cha kamba wakaanza kushuka naye. Katikati ya mlima wakakwama, huyu akisema tupite kushoto, yule akisema kulia, na mtoto hakuwa na subira ya kusikiliza mabishano yao. Winnie akazaliwa juu ya jiwe, mvua ikinyesha, Bernadeta akimkinga kwa kanga yake mwenyewe. Mama na mtoto walitoka salama, na jiwe lile linaitwa Jiwe la Winnie mpaka leo. Lakini Bernadeta alirudi nyumbani na hasira. Kulipokucha alimfunga mgongoni mwanawe Chenge, akachukua nyundo ya baba yake na mtalimbo, akaanza kupasua kuanzia chini.

Kazi ilichukua misimu na misimu. Kila alipomaliza kibarua cha watu alirudi kwenye ngazi. Wanawake waliokuwa wakipandisha ndoo za maji kutoka bombani wakazoea kupandisha na jiwe. Saruji wakati ule ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Aliyeitoa ni Champaben, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa chini ya mlima. Alifungua stoo ya marehemu mumewe na kuutoa mfuko mmoja mmoja, akisema, "Chukua, mimi pia iko na magoti, ipo siku nitapanda." Wanaume nao walisaidia, hasa kwa ushauri.

Ngazi zilipofika juu watu waliziita ngazi za Mama Chenge. Vijana, ambao hawana muda wa kumaliza maneno, wakakata wakasema ngazi za Chenge. Hakuna aliyeona ubaya. Wakati huo Chenge alikuwa bado anajikojolea.

Sasa tuje mwaka wa tisini na tisa. Pale ngazi zinapoanzia palikuwa na duka la Alkarim la karatasi, kalamu na mambo ya kupiga chapa, alilorithi kwa baba yake. Mwaka huo Alkarim alileta kompyuta, akaiunganisha na waya wa simu, akatundika kibao kilichoandikwa INTANETI. Watu wakaja kushangaa. Mle ndani mlikuwa na habari za Marekani, za Uingereza, za Japani. Alkarim, aliyezaliwa Mwanza na baba aliyezaliwa Mwanza, akaitafuta Mwanza mle ndani na hakukuta kitu cha maana. Ilimuuma. Akaamua kukusanya habari za kila mtu wa Mwanza aliyefanya jambo, aziweke mle dunia nzima isome. Yeye aliiita kazi hiyo ensaiklopidia. Mwalimu Shigela, mkuu wa shule mstaafu aliyeombwa kuwa mwandishi, aliiita kamusi ya watu mashuhuri, na jina la Mwalimu ndilo lililoshika.

Utaratibu wao ulikuwa wa haki, au ndivyo walivyoamini, na waliamini kwa moyo mweupe. Kila habari ilipigwa chapa na kubandikwa ukutani nje ya duka. Kila jioni saa kumi na moja Mwalimu alikaa barazani na kalamu nyekundu, na mtu yeyote, yeyote kabisa, aliruhusiwa kuja kuongeza au kusahihisha. Waliokuja walikuwa wazee wa drafti na wenzao, maana hapo barazani ndipo walipochezea siku zote. Huyu alileta habari za mjomba wake, yule za kocha wake, mwingine za fundi saa aliyewahi kutengeneza saa ya mkuu wa mkoa. Ukuta ukajaa. Ijumaa moja ikapangwa kuwa siku ya kuingiza yote kwenye kompyuta.

Jumatatu ya wiki hiyo Bernadeta alishuka kununua betri za redio. Alikuwa amejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima na hakupenda kupita maandishi bila kuyasoma, kwa hiyo alisimama ukutani na nyundo yake begani. Akasoma habari za golikipa, za dereva wa kwanza wa basi la Musoma, za mfugaji mmoja tajiri. Halafu akasoma hii:

"CHENGE NGOSHA. Mjenzi. Kwa mikono yake mwenyewe, na kwa moyo wa kujitolea usio kifani, alijenga ngazi maarufu za Chenge zinazopanda Majiweni. Hivi sasa anagombea uenyekiti wa mtaa."

Bernadeta alicheka mpaka nyundo ikamtoka begani. Chenge alikuwa kijana mzuri, mkata tiketi wa mabasi, mpole, mwenye tai mbili. Lakini hata msumari wa kutundikia kalenda chumbani kwake alipigiliwa na mama yake.

Jioni Chenge aliporudi alimkuta mama yake amekaa mlangoni akimsubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo fundi wa ngazi?"

Chenge akainama kufungua viatu, na ikawa viatu vina kamba ndefu siku hiyo. "Mama, mimi sikuwaambia. Waliandika wenyewe."

"Najua. Na ulipoona?"

"Nikaona..." Akainua uso, na alichokisema alikisema kwa kukiamini. "Mama, wewe si Mama Chenge? Akitajwa Chenge umetajwa na wewe. Ni jina moja hilo. Halafu uchaguzi ndio huu umefika. Ngazi zile kila mtu anazikanyaga kila siku. Mtu akisoma pale, kura ni yangu."

Bernadeta akainuka kutafuta sahani. Mwanawe hakuwa amesema uongo. Majiweni ndivyo ilivyo, ukishazaa jina lako linawekwa kando na unaitwa kwa mtoto, nayo ni heshima. Alizaliwa akawa binti Nkwabi, akaolewa akawa mke wa Ngosha, akazaa akawa Mama Chenge, na kila jina alilipokea kwa furaha. Akampakulia mwanawe chakula, yakaisha.

Hayakuisha. Kesho yake alipasua jiwe kubwa kwa mteja, likapasuka vizuri katikati kama mkate, na hakucheka. Majirani walisikia mlio, wakangoja kicheko, hakikuja. Yeye mwenyewe alishangaa. Alikaa chini akaitazama mikono yake, yenye sugu na ukucha mmoja uliokufa tangu ngazi zikiwa katikati ya mlima, akakumbuka yale maneno ya ukutani: kwa mikono yake mwenyewe. Mengine yote angeyaacha. Hayo maneno hayakuwa ya kumwachia mtu, hata mtoto wake. Iliuma, na ilimuuma zaidi kwamba aliyechukua ni mtu anayempenda kuliko wote.

Akajifuta vumbi, akashuka kwa Mwalimu Shigela.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba Mama Chenge! Hongera sana. Mwanao ametutoa kimasomaso mtaa mzima."

"Ndilo lililonileta. Ngazi zile nilijenga mimi."

Mwalimu akatabasamu kwa upole. "Kila mzazi hujenga kupitia kwa mtoto wake, mama."

"Mwalimu, mimi nilijenga kupitia kwa nyundo."

Mwalimu akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu tu. "Sikukatalii. Lakini mimi nilihamia hapa nikizikuta, nikauliza watu, wakaniambia ngazi za Chenge. Sasa njoo saa kumi na moja, uje na mashahidi, useme mbele za watu. Wakikubali, nafuta. Ila iwe kabla ya Ijumaa. Ijumaa yanaingia mle kwenye mashine, na yakishaingia hayatoki."

"Mashahidi wangu ni wanawake wa mlimani."

"Waje! Nani amewazuia? Tangu tuanze hajaja hata mmoja. Nikadhani hawapendi mambo ya kusoma."

Bernadeta alipanda ngazi zake moja moja, akamkuta Getruda anachambua dagaa. Akamweleza yote. Getruda alikasirika papo hapo, kwa niaba ya wawili.

"Saa kumi na moja? Mwalimu ana akili timamu? Saa kumi na moja kuna mwanamke gani hapa ambaye hana sufuria motoni? Ukiuacha ugali unaungua, ukiuchelewesha unaulizwa mpaka na paka!"

"Ndivyo nilivyomjibu, ila moyoni," alisema Bernadeta.

Getruda akaendelea kuchambua dagaa, halafu mkono ukasimama.

"Basi twende nazo."

"Nazo nini?"

"Sufuria."

Alhamisi, jua lilipoanza kupoa, wazee wa drafti waliokuwa barazani kwa Alkarim waliona moshi unateremka mlimani. Mmoja akasema kuna nyumba inaungua. Mwingine akasema nyumba inayoungua haitembei. Ilikuwa foleni ya wanawake wa Majiweni wakishuka ngazi, wengine majiko ya mkaa vichwani juu ya ngata nene, makaa yakiwa mekundu, wengine sufuria, miiko, vibuyu vya unga, samaki wakining'inia kwenye vijiti. Wakafika uwanjani mbele ya duka, wakapanga majiko yao mstari kwa mstari, wakakaa kwenye vigoda, wakaendelea kupika walipokuwa wameishia.

"Mama Chenge," alisema Mwalimu Shigela, akiwa amesimama na kalamu nyekundu hewani, "hii ni nini?"

"Saa kumi na moja, Mwalimu. Ulisema tuje."

Alkarim alitoka dukani akiwa na wasiwasi kuhusu moshi na kompyuta yake, lakini harufu ya sato wa nazi ikamtangulia puani, akabaki mlangoni. Champaben naye alikuwa amevuka barabara na jiko lake la mafuta ya taa, akaanza kukaanga chapati bila kuuliza mtu. Wazee wa drafti walitazama chakula chao cha jioni kikiwa kimekusanyika mbele yao, wakaona hakuna sababu ya kwenda nyumbani.

Maji yalipokuwa yakichemka, Getruda alisema, "Tusomeeni huo ukuta tujue tulichokosa." Bernadeta akasimama, akawasomea kwa sauti. Alisoma habari za golikipa, wakapiga makofi. Alisoma za dereva, mmoja akasema yule alikuwa na deni lake la karanga. Akafika kwa mfugaji tajiri: "Mifugo yake ilijulikana mpaka Shinyanga, hususan ng'ombe wake aitwaye Malkia, aliyetoa maziwa mengi kuliko ng'ombe wote wa kata. Aliacha mke na watoto."

"Hebu rudia," alisema Getruda.

Akarudia.

"Kwa hiyo ng'ombe ana jina, mke hana?"

Uwanja mzima uliangua kicheko, wazee wa drafti wakiwemo. Mwalimu Shigela peke yake hakucheka. Alisogea ukutani, akapita karatasi moja baada ya nyingine kwa kidole, akitafuta. Alitafuta mpaka mwisho wa ukuta, akarudi. Jike pekee lililotajwa kwa jina katika kamusi yote lilikuwa Malkia. Mwalimu aliona aibu, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, hakuificha. Alikaa chini akasema, "Mayu wane, mama yangu! Sikuliona."

Lakini utaratibu ni utaratibu, na suala la ngazi lilikuwa bado. Wanawake wakatoa ushahidi wao huku wakisonga. Huyu alipandisha mawe akiwa na mimba, yule alikuwa akileta uji, Getruda akaeleza habari ya kitanda cha kamba kwa kirefu na kwa vitendo. Mzee mmoja wa drafti, mbishi kwa asili, akasema, "Haya yote ni maneno ya mashoga wake. Watu wanasema ngazi za Chenge. Chenge mwenyewe yule pale, tumuulize."

Kweli, Chenge alikuwa amefika. Jioni hizo za kampeni alikuwa akiwanunulia soda wazee wa baraza, na hakuwa na habari ya majiko. Alisimama ukingoni mwa uwanja, chupa za soda mkononi, tai shingoni, watu wote wakamgeukia. Mtaa mzima ulikuwa pale. Akikubali, ngazi ni zake hadharani na kwenye intaneti. Akikataa, amejivua nguo kabla ya uchaguzi.

Bernadeta hakumtazama. Aliinamia sufuria yake akageuza ugali uliokwisha kuiva zamani. Alijua akimtazama tu mwanawe atasema kwa kumwogopa, naye hakuutaka ukweli wa namna hiyo. Wakati ule ngazi hazikuwa tena na maana kubwa kwake. Alitaka tu kujua amezaa mtu gani.

Getruda ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anaomba chumvi. "Chenge mwanangu, ngazi zikijengwa wewe ulikuwa wapi?"

Chenge alitazama benchi la wazee, akatazama majiko. Wenye ndimi kali wanasema alikuwa akilinganisha kura za upande huu na za upande ule. Mimi nasema alikuwa akimtazama mama yake mgongoni, maana ndipo macho yake yalipoishia.

"Nilikuwa mgongoni," alisema.

Mtu akacheka, lakini Chenge aliendelea. "Nilikuwa mgongoni kwake. Nilikuwa nalala nyundo ikigonga. Mpaka leo nikikosa usingizi nakumbuka ule mgongo ulivyokuwa ukitikisika." Akaweka soda chini, akaenda ukutani, akaibandua karatasi yake mwenyewe, akaikunja na kuitia kwenye jiko la mama yake. "Nisamehe mama."

"Umeniunguzia ugali," alisema Bernadeta, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka kile kicheko cha mawe. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa Mirongo nzima wakajibu.

Mwalimu Shigela alichukua karatasi safi. "Haya. Tuandike upya. Jina?"

"Mama Chenge!" waliitikia wote.

"Jina lake. La kwake."

Wakatazamana. Getruda, ambaye alijua Bernadeta anaogopa nini, anapenda nini na anakoroma vipi, akafungua mdomo akaufunga. "Si Mariamu?" alijaribu. Mwingine akasema Anastazia. Champaben akasema yeye siku zote alijua ni Mama Nyundo. Bernadeta mwenyewe alikawia kujibu. Ilikuwa muda mrefu hajaulizwa, na alipolitoa alilitoa polepole, kama nguo ya sanduku la chini.

"Bernadeta. Bernadeta Nkwabi."

"Jina zuri hivyo ulikuwa unalificha!" alisema Getruda, nusu kwa kuumia. "Mimi, huyu Mama Winnie wako, ni Getruda, kama hukujua."

"Sikujua," alisema Bernadeta, wakashikana mikono wakacheka, mashoga wa miaka nenda miaka rudi wakijulishana majina.

"Andika Bernadeta Nkwabi," aliendelea kumwambia Mwalimu, "lakini usiandike alijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mikono ilikuwa mingi. Andika na hawa." Na wanawake wakaanza kutaja majina yao, mmoja mmoja, wengine kwa aibu, wengine kwa kupiga kelele, kila jina likishangaza majirani. Champaben alitaja lake na kusisitiza iandikwe kwamba saruji ilikuwa ya mumewe lakini ufunguo wa stoo ulikuwa wake. Mwisho kabisa, kutoka jiko la nyuma, sauti ikasema, "Na mimi je?"

Alikuwa mke wa Mwalimu mwenyewe, aliyekuja na samaki wake wa furu wa kukaanga. Kwa miaka mingi alikuwa akifagia ngazi zile kila Jumamosi na kuziba nyufa kwa udongo.

"La kwako nalijua, Mama Yeremia," alisema Mwalimu.

"Litaje."

Watu wakasogeza vigoda kwa raha. Mwalimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Rebeka," alisema, na bila shaka hakuwa amelitamka tangu siku ya harusi, maana mkewe alifunika uso kwa kitenge kama msichana.

Wakala wote pamoja pale pale, sato na furu na chapati na ugali ulioungua. Kabla hawajaondoka Alkarim aliwaambia kwamba Mwalimu alikosea jambo moja: vitu vya intaneti vinaweza kubadilishwa siku yoyote, hata baada ya kuingizwa. "Basi na sisi tutakuja siku yoyote," alisema Getruda. Wakawa wanakuja. Mpaka mwisho wa mwaka kila Alhamisi ilikuwa ya majiko, na ukuta ukapata mkunga, mwalimu wa kwaya, mama aliyekuwa akiendesha mtumbwi wa mizigo hadi Ukerewe, na mke wa yule mfugaji, ambaye ilijulikana ndiye aliyemkamua Malkia.

Chenge alishinda uenyekiti. Alipoitwa jukwaani kujieleza alisema, "Mimi ni Chenge wa Bernadeta," wanaume wakacheka, wanawake wakampa kura. Jina likamganda. Hata huko stendi ya mabasi wapiga debe walianza kumwita hivyo, naye aliitika bila kinyongo.

Bernadeta aliitwa dukani siku habari yake ilipoingia. Akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, akajisoma taratibu kwa kidole, akauliza kama mtu wa Japani anaweza kuyaona haya. Alkarim akasema anaweza. "Mwambie ngazi ni imara, apande tu," alisema, akarudi kazini.

Ni wiki hiyo hiyo, nadhani, alipokuwa juu ya mlima akipasua jiwe la mteja, sauti ikaita kutoka chini kwenye ngazi.

"Bernadeta!"

Aliendelea kugonga. Kuna mtu anaitwa huko, alifikiri.

"Bernadeta! We Bernadeta!"

Akagonga tena, mara mbili, halafu nyundo ikasimama hewani. Akageuka. Getruda alikuwa amesimama kwenye Jiwe la Winnie na bakuli lililofunikwa, akimpungia.

"Abee!" aliitika, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyoitegemea, sauti ya binti anayeitwa nyumbani. "Abee, Getruda! Nakuja!"